Dalia za Misozi

Jumapili, 13 Septemba 1998, Nchelenge

Wiki mbili leo tangu Mama Eness aende Mansa kupasuliwa macho. Nyumba na bustani viko mikononi mwangu. Joto kali. Ng'ambo ya ziwa milima ya kwetu haionekani kwa moshi wa mashamba yanayochomwa.

Ninaandika kwa Kiswahili cha shule, kile walichotufundisha Kilwa ya kwetu, ng'ambo ya ziwa, maana Kibemba changu ni cha sokoni tu.

Nilikula jana asubuhi. Leo maji.

Jumatano, 16 Septemba

Niandike hali ilivyo, nisije baadaye nikajidanganya.

Nilivuka mwezi wa nane vita ilipoanza, ndani ya mtumbwi wa wachuuzi wa chisense, dagaa wa ziwa hili. Mama yangu, Germaine, alikataa kuiacha nyumba. Hapa Nchelenge mtu niliyemjua ni Mama Eness peke yake, mwalimu mstaafu na mjane, ambaye zamani nilikuwa nikimletea samaki. Alinipa chumba cha nyuma. Kazi yangu ni maua.

Kabla ya kupanda gari la Mansa alinizungusha bustanini, akigusa kila shina kwa sababu macho yalikuwa yamefunga ukungu. "Hizi za buluu zenye shingo ndefu, maji mara mbili kwa juma. Kana zinajitafutia zenyewe. Lakini hapa chini ya ukuta, mwana wandi, usiguse. Inalala."

Chini ya ukuta palikuwa na udongo mtupu na vijiti vikavu. Ni dalia za Misozi, binti yake. Misozi alileta mizizi yake kutoka chuo cha ualimu Kasama, akaipanda kwa mkono wake, na mwaka uliofuata akafa. Kila mwaka dalia hukauka, hulala ardhini wakati wa kiangazi, halafu mvua ikija huamka. Nyekundu iliyoiva na nyeupe, kila ua kubwa kama sahani. Mama Eness hajawahi kumpa mtu hata mzizi mmoja. Mama Olipa, rafiki yake wa ng'ambo ya barabara, ameomba mara tatu, kila mara amenyimwa.

Kwa chakula aliniachia gunia nusu la unga, maharage na mafuta. Siku ya nne alikuja Carlos, mchuuzi wa kwetu. Akasema, "Nipe ile unga, Priscille. Kule basoda benye bunduki banataka kula kwanza ndiyo banaacha batu kupita. Siku sita, mama yako iko hapa." Nikampa unga wote, na maharage.

Siku sita zimepita, na nyingine sita.

Sijamwambia mtu. Nitamwambia nini Mama Olipa? Kwamba chakula nilichoachiwa na mwenye nyumba nimempa mwanamume wa bandarini?

Ijumaa, 18 Septemba

Leo nimechimba.

Nilikuwa ninapalilia pembeni, jembe likateleza. Hapana. Nilikusudia. Tangu Jumatano nilikuwa ninautazama ule udongo.

Mizizi minene, imeshikana kama vidole vya mkono mmoja, ganda la kahawia, ndani nyeupe. Ukiitazama haraka utasema ni viazi vitamu. Nikapika mitano. Maji mengi mdomoni, na mwishoni uchungu kidogo kama kichwa cha tango. Nikaimaliza, nikalala mchana kweupe.

Jumamosi, 19 Septemba

Tumbo limenguruma kama lori kwenye mchanga. Nimechimba tena.

Jumatatu, 21 Septemba

Mama Olipa alikuja saa sita na beseni lililofunikwa kitambaa. Sufuria yangu ilikuwa motoni. Nikatoka haraka, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Minaona haupiti tena kwangu," akasema. "Nimekuletea bukari na chisense."

"Aksanti, mama. Nimekwisha kula."

"Umekula nini?"

"Viazi."

Akatazama mlango, akatazama mikono yangu yenye udongo. "Basi niibakishe hapa, utakula jioni."

"Hapana, mama, kweli. Nimeshiba."

Akabeba beseni lake, akarudi nalo. Nilisimama pale mpaka alipovuka barabara. Mate yalikuwa yamejaa mdomoni. Kwa nini nilikataa? Ningekubali, angekaa kunitazama nikila ule ugali wake, na angejua nina njaa kiasi gani.

Jumamosi, 26 Septemba

Vichaka kumi na vinane. Havipo tena. Nimesawazisha udongo, nimerudishia vijiti vikavu kila kimoja mahali pake.

Jumatatu, 28 Septemba

Nimepata kibarua cha kugeuza samaki kwenye vichanja vya kukaushia, soko la Kashikishi. Wanalipa kwa samaki. Ningekwenda wiki mbili mapema nisingeandika haya.

Jumapili, 4 Oktoba

Mama Eness amerudi. Jicho moja limefunguka, la pili bado limefungwa bandeji. Alinishika mashavu akanitazama usoni. "Kumbe uko mutoto hivi! Nilifikiri uko mukubwa."

Akatazama maua ya buluu, akasema nimeyatunza vizuri. Akatazama chini ya ukuta. "Bado inalala," akasema, akatabasamu.

Jumatatu, 26 Oktoba

Mvua ya kwanza. Fupi, lakini udongo wote ulitoa harufu.

Jumanne, 3 Novemba

Kana zimetoa ncha nyekundu. Maua ya buluu yamenyanyua shingo. Kila asubuhi, kabla ya chai, Mama Eness ananiuliza, "Haijatoka?"

"Bado, mama."

Alhamisi, 5 Novemba

"Haijatoka?" "Bado."

Ijumaa, 6 Novemba

Bado.

Jumatatu, 9 Novemba

Usiku mvua ilipiga kweli. Asubuhi nilimkuta amepiga magoti chini ya ukuta na mwiko wa bustani. Alikuwa ameshafukua nusu ya mstari. Hakuwa analia. Alikuwa anachambua udongo kwa vidole, polepole, kama mtu anayetafuta sindano.

"Pengine ni fuko," nikasema. Nilikuwa nimeliweka neno hilo tayari tangu Septemba.

Alinyoosha mkono. Kulikuwa na kipande cha mzizi, kikavu, kimekatwa upande mmoja, mkato umenyooka. "Fuko haikate na jembe."

Febby, anayeuza maandazi karibu na geti letu, alikuwa amesimama anasikiliza. Akasema, bila ubaya wowote, anapenda tu kusaidia: "Mimi nilimwona Mama Olipa. Septemba, wakati uko Mansa. Alitoka humu na beseni, amefunika na kitambaa."

Mama Eness akageuka kwangu na lile jicho lake moja jipya. "Olipa alikuja?"

Hapa ndipo pa kuandika vizuri. Nilikuwa na nafasi. Swali lilikuwa fupi, na jibu la kweli lilikuwa fupi pia: alikuja kunipa chakula. Nikachukua nusu ya jibu hilo.

"Alikuja," nikasema.

Sikusema uongo. Nimejirudishia maneno hayo mchana kutwa, na kila nikiyarudia uso unaniwaka.

Jumapili, 15 Novemba

Kanisani Mama Olipa alinyoosha mkono kumsalimu. Mama Eness akapita kama amepita kiti. Wamekaa benchi moja miaka thelathini. Watu wote waliona.

Jumatano, 18 Novemba

Mama Olipa alikuja getini. Hakuingia.

"Eness! Nasikia kwa batu kama mimi ni mwizi. Kuja uniambie mwenyewe."

Mama Eness alisimama kwenye baraza. "Uliomba mara tatu. Nilikatala. Sasa haiko tena. Na ulionekana."

"Nilionekana na nini?"

"Na beseni."

Mama Olipa akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama kati ya kana na ndoo. Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Priscille. Mule ndani ya beseni mulikuwa nini?"

Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mwalimu aliyesikia jibu alilolitarajia. Akavuta kitenge chake mabegani, akavuka barabara. Mvua ilikuwa inaanza, wala hakukimbia.

Jumatatu, 23 Novemba

Mvua. Nimepandikiza maua ya gerbera.

Jumanne, 1 Desemba

Ziwa limefungwa mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae. Kashikishi kimya. Mimi sina tena vichanja vya kukimbilia, niko bustanini kutwa nzima na Mama Eness. Ananifundisha. Kata ua lililochakaa ili jingine lije. Kichaka kikisongamana, kigawe. Yenye kutaka jua usiiweke kivulini kwa kuihurumia. Mikono yangu imejifunza haraka, na yeye anafurahi. Nikifanya vizuri ninaona aibu zaidi kuliko nikikosea.

Jumamosi, 19 Desemba

Kila Krismasi ni Mama Olipa anayepanga maua ya altare, kwa maua ya Mama Eness. Mwaka huu kina mama wamemwondoa. Mama Eness amesema kazi hiyo niifanye mimi.

"Ni wewe peke yako minaamini," akasema.

Akanipa na gauni. La Misozi. Nilisema halinitoshi. Linanitosha kabisa.

Ijumaa, 25 Desemba

Nilipanga maua ya buluu na kana za njano. Wote wamesifu. Katekista Mukuka ametangaza jina langu mbele ya watu, wakapiga makofi. Nilikuwa nimevaa gauni la marehemu. Mahali pa Mama Olipa kwenye benchi palikuwa wazi, hakuna aliyethubutu kupakalia.

Jumanne, 12 Januari 1999

Leo nimemwona Carlos.

Nilikwenda Kashikishi kutafuta sabuni. Alikuwa amekaa nyuma ya mizigo ya vitenge, amenenepa. Aliponiona akainama kama anafunga kiatu. Ana ndala.

"Carlos. Mama yangu iko wapi?"

"Ah, Priscille! Mama yako, nasikia alienda Kasenga kwa ndugu. Iko muzima, nasikia."

Nikashukuru Mungu kwanza. Halafu nikauliza: "Na ile unga?"

Akatazama ziwa. Akakuna shingo. "Unga? Unga gani... sikumbuki vizuri, mama."

Nilikuwa nimejiandaa miezi minne kumtukana. Matusi yote yalikuwa tayari, ya Kiswahili na ya Kibemba. Lakini alipotamka maneno hayo niliona uso wake jinsi ulivyokuwa, jinsi alivyokunja mdomo, na nikajua Mama Olipa aliona nini siku ile getini. Nikaondoka bila sabuni.

Alhamisi, 14 Januari

Febby anasema Mama Olipa anahama. Royd, mtoto wake, yuko Chienge, atamjengea chumba. "Hapa hakuna tena anayemsalimia," Febby akasema, akaendelea kugeuza maandazi. Lori ni Jumatatu.

Jumamosi, 16 Januari

Mara tatu leo nimeingia jikoni kumwambia Mama Eness. Mara ya kwanza alikuwa anaimba. Mara ya pili nilisema, "Mama," akaitika, "Eee?" nikamuuliza kama chumvi ipo. Mara ya tatu alikuwa amelala kitini, miguu kwenye beseni la maji ya moto.

Jumapili, 17 Januari

Nimesema.

Baada ya ibada, wakati wa matangazo, Katekista Mukuka aliuliza kama kuna mwenye neno. Mama Olipa alikuwa benchi la mwisho, amekuja kuaga. Nikasimama.

Nilijaribu Kibemba, ili wasikie wote. Nikasema: mwezi wa tisa, Mama Eness alipokuwa Mansa, nilikula maua yake.

Katekista akatabasamu kunisaidia. "Dada anataka kusema alilima maua."

"Hapana," nikasema. "Nilikula."

"Ulipalilia."

"Nilikula! Nilichimba, nikamenya, nikapika na chumvi, nikala."

Mtu akacheka mbele, kisha kanisa lote likacheka. Kina mama walipigana mabega. Mzee mmoja alifuta machozi kwa kofia. Nilisimama katikati ya kicheko hicho na nikatamani kukubali kuwa ni mzaha, niketi. Ingekuwa rahisi. Kiswahili kikanitoka chenyewe, chetu cha nyumbani:

"Sikieni! Mama Olipa haikuiba kintu. Ile beseni ilikuwa bukari. Aliniletea bukari, mimi nilikatala, juu ya kusikia haya. Ndiyo ile Febby aliona. Banamusema mwizi miezi mbili na mimi minajua, minanyamaza. Mwizi ni mimi."

Wanaojua Kiswahili waliwaambia wasiojua. Nilisikia maneno yangu yakipita benchi kwa benchi kwa Kibemba, na kicheko kikifa nyuma yake.

Sikuwa nimemwambia Mama Eness kwanza. Hilo nililiona nilipogeuka nikauona uso wake. Amesikia mbele ya wote kwamba mtoto wake ameliwa, na kwamba amemdhulumu rafiki yake. Nilitua mzigo wangu na nikamtwika yeye hapohapo. Alisimama, akachukua mkoba, akatoka peke yake, akipapasa kuta kwa sababu ya lile jicho bovu.

Nilimfuata Mama Olipa nje, nikapiga magoti kwenye matope. Akaniambia niinuke, nitaharibu gauni.

"Nilijua," akasema. "Siku ile nilisikia harufu, si ya viazi. Na kabla ya kukuita, nilipopita nyuma ya nyumba, niliona maganda."

"Juu ya nini haukusema, mama?"

"Nilisema nikingoja siku kidogo, utasema mwenyewe. Kisha nikakasirika, na nilikuwa nangojea mwingine." Alitazama njia aliyopita Mama Eness. "Wewe ulikuwa na njaa. Yeye alikuwa na nini? Miaka makumi tatu, na hakuniuliza hata mara moja kabla ya kuamini."

Jumatatu, 18 Januari

Nilikuwa nimefunga mzigo wangu tangu alfajiri. Mama Eness alipita mlangoni bila kuutazama. Mkononi alikuwa na kichaka cha maua ya buluu, mizizi imefungwa kwa gunia bichi. "Nishike mukono," akasema. "Njia iko na mashimo."

Lori lilikuwa limeshajaa. Mama Olipa alikuwa amekaa juu ya godoro lake. Mama Eness alisimama chini, akanyanyua kile kichaka kwa mikono miwili.

"Olipa. Nilikosa."

"Umekosa," akajibu Mama Olipa.

"Pokea hii."

"Sitaki maua yako leo, Eness."

Dereva akawasha gari. Mama Eness aliendelea kukinyanyua mpaka lori lilipopinda kwenye soko. Tulirudi nacho nyumbani, nikakipanda pale pale kilipotoka. Hakuniambia niondoke. Hakuniambia nibaki.

Ijumaa, 5 Februari

Mvua kila siku. Ananiambia mambo ya bustani tu. Leta ndoo. Ondoa konokono. Ninakula chakula chake nikiwa nimeinamisha kichwa.

Sokoni watoto wananiita Mama Maua. Nageuka na kuitika.

Jumatano, 17 Februari

Nilimrudishia gauni, nimelifua na kulipiga pasi. Alilitazama muda mrefu. "Weka palepale kwako," akasema. "Mimi silivae."

Jumamosi, 6 Machi

Ziwa limefunguliwa. Royd amekuja Nchelenge na samaki wa kwanza kutoka Mununga, njia ya Chienge. Alisimama getini na ujumbe: "Mama anasema, yale maua, kama ungali unataka kumpa, uyapeleke wewe mwenyewe. Na ukae siku mbili, siyo kumwaga na kukimbia."

Mama Eness alimwita aingie, akamlisha mpaka akaomba asiongezwe. Alipoondoka, Mama Eness alikaa barazani akivua na kuvaa miwani yake mipya, aliyopewa jicho la pili lilipofunguka.

Jumapili, 14 Machi

Kesho anakwenda Chienge. Mchana tulichimba kichaka cha buluu mara ya pili, tukakigawa kwa kisu, vipande vinne vyenye mizizi na macho ya kuchipua. Jua lilikuwa kali baada ya mvua ya asubuhi. Tulifanya kazi mabega yakigusana.

Halafu akasema, bila kuinua kichwa: "Zilikuwa na ladha gani?"

Nilijua anauliza nini. Nilitafuta jibu la heshima, kisha nikaliacha.

"Mbaya, mama. Kama kiazi kimelala ndani ya maji. Zile nyekundu afadhali."

"Ulijua namna gani zile nyekundu?"

"Vijiti vilikuwa na rangi."

Akafuta kisu kwenye kitenge chake. "Misozi naye alipenda nyekundu." Akaweka kisu chini. "Na zilikushibisha?"

Ningeweza kusema hapana, ionekane niliteseka zaidi. Nikasema, "Ndiyo, mama. Zilinishibisha siku tisa."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja. Machozi yalikuwa yanashuka chini ya miwani na hakuyafuta, mikono ilikuwa na udongo. Akanisogezea kipande cha nne, kile kidogo.

"Hii panda chini ya ukuta," akasema. "Pale pako wazi. Usizamishe sana."

Nimekipanda. Mwaka huu hakitatoa ua, ni kidogo mno, pengine na mwaka ujao pia. Nilimwagia maji nikiwa nimepiga magoti, na yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, ananitazama kwa macho yote mawili.